Ulinganisho: kuipokea wiki ya zamu ufukweni, kukodi kwa mwenye wiki, au kulala hoteli ya kawaida?

Kaskazi

Salamu kwenu wanajukwaa. Tumerejea hivi karibuni kutoka kwenye makazi ya likizo ya ufukweni yanayoendeshwa kwa mfumo wa zamu, ule ambao wengi wanauita taimshea, ambapo mtu hununua haki ya kuitumia nyumba kwa wiki moja ya kila mwaka na kisha hulipa ada ya matengenezo mwaka hadi mwaka, awe amekwenda au hakwenda. Wiki tuliyoitumia ni ya mama mkwe wangu. Umri haumruhusu tena kusafiri, naye angependa kutukabidhi mimi na mke wangu, kwa nia njema kabisa.

Shida ni kwamba tulichokikuta hakikufanana na sifa tulizokuwa tukizisikia. Mkataba unataja nyumba yenye mandhari ya bahari, lakini tuliyopewa ilikuwa upande wa maegesho, na bahari ilionekana kwa yule tu aliyekuwa tayari kuinama juu ya ukingo wa roshani, ukingo ambao kutu ilikuwa imekwisha kuutafuna. Kiyoyozi kilidondosha maji sakafuni, bwawa kubwa la kuogelea lilifungwa kwa matengenezo, na lifti ilifanya kazi ilipojisikia. Tulipolalamika mapokezi tulionyeshwa kifungu kinachowaruhusu wasimamizi kutoa nyumba iliyoandikwa au nyingine wanayoiona kuwa ya daraja lile lile. Asubuhi iliyofuata tulialikwa kwenye kile walichokiita kikao cha kuwakaribisha wageni, nacho kikageuka kuwa kikao cha mauzo, ambapo tulishauriwa kwa muda mrefu kuigeuza wiki hiyo kuwa pointi, yaani alama za kununulia siku za kulala badala ya wiki moja maalumu, kwa kuongeza fedha.

Naomba mnisaidie kulinganisha njia nne: kuipokea wiki kama ilivyo, kuipokea na kuigeuza kuwa pointi, kuiacha na kukodi wiki kutoka kwa wamiliki wengine kila tunapotaka, au kurudi kwenye hoteli za kawaida. Tunapenda bahari na tunasafiri na watoto.

Mizani

Ndugu Kaskazi, pole kwa hayo. Watu wengi hulinganisha njia hizi kwa bei ya usiku mmoja peke yake, nami nadhani hapo ndipo hesabu inapopotea. Bei ya usiku ni muhimu, na kuipata si kazi ngumu: chukua ada ya matengenezo ya mwaka, igawanye kwa idadi ya usiku mnaolala kweli, kisha itafute nyumba ya aina hiyo hiyo, katika makazi hayo hayo na wiki hiyo hiyo, uone inakodishwa kwa kiasi gani. Ikiwa mgeni asiyemiliki chochote analipa sawa na ada yenu au pungufu, basi umiliki huo haununui kitu. Fedha aliyotoa mama mkwe wakati wa kununua usiiingize kwenye hesabu hii, kwa sababu imekwisha kwenda na haitarudi mkiipokea wiki wala mkiikataa.

Hata hivyo, swali zito zaidi ni hili: mahali pakichakaa, mzigo unamwangukia nani? Hoteli ikichakaa, mgeni haendi tena, na hasara inabaki kwa mwenye hoteli. Katika mfumo wa zamu mgeni ndiye mwenye mali, kwa hiyo kadiri jengo linavyozidi kuharibika ndivyo yeye anavyotakiwa kulipa zaidi kwa ajili ya mahali anapopafurahia kidogo zaidi. Hilo peke yake linatosha kuzitenga njia mbili za kwanza na mbili za mwisho.

Chumvi na Chuma

Nimefanya kazi ya matengenezo ya majengo kando ya bahari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusuni nikae kidogo kwenye ukingo ule wenye kutu, kwa sababu mimi nisingeuchukulia kama dosari ya urembo.

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hiyo haiishii kwenye vyuma vinavyoonekana. Huingia polepole katika vinyweleo vya zege mpaka ikazifikia nondo, na nondo zikianza kupata kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege haliwezi kustahimili msukumo huo kutoka ndani, hivyo hupasuka na kumeguka vipande, na kila ufa mpya hufungua njia ya chumvi zaidi. Mapezi ya alumini kwenye mashine za viyoyozi zilizo nje huliwa kwa namna hiyo hiyo, na umri wake ufukweni huwa mfupi kuliko bara. Vivyo hivyo kwa bawaba, kufuli, waya za lifti na pampu za bwawa. Jengo la ufukweni linahitaji fedha nyingi za matengenezo tangu siku linapofunguliwa, na bima yake ni ghali pale ambapo dhoruba ni jambo la kawaida.

Uongozi makini huweka akiba kila mwaka kwa ajili ya kazi kubwa kama paa, lifti na roshani. Uongozi unaotaka ada ionekane ndogo ili wiki ziuzike huiacha akiba hiyo ipungue, na siku kazi inapokuwa haiwezi kuahirishwa tena wamiliki huletewa mchango wa dharura juu ya ada ya kawaida. Unaposema kwamba lifti, bwawa, viyoyozi na kingo za roshani vyote vina matatizo kwa wakati mmoja, mimi nasikia akiba iliyokauka. Kabla ya kuamua lolote, mwombe mama mkwe adai taarifa ya fedha ya mwaka uliopita. Mmiliki anastahili kuiona. Tazameni kiasi cha akiba na kiasi cha ada ambazo wamiliki wengine hawajalipa, kwa sababu pengo la wasiolipa huzibwa na wanaolipa.

Mwenye Wiki

Naona mjadala unaelemea upande mmoja, kwa hiyo niseme kwa niaba yetu sisi tunaoridhika. Familia yangu inamiliki wiki isiyobadilika, yaani nyumba ile ile na tarehe zile zile kila mwaka, katika jengo dogo linalosimamiwa na wamiliki wenyewe kwa kupiga kura. Tunapata vyumba viwili vya kulala, jiko kamili, mahali pa kufulia na ufuo hatua chache kutoka mlangoni. Hotelini tungehitaji vyumba viwili vinavyopakana, ambavyo havipatikani kirahisi wakati wa likizo za shule, na watoto wangekula mgahawani mara tatu kwa siku. Wiki isiyobadilika inatuondolea mashindano hayo yote.

Ninachotaka kusema ni kwamba wiki zinatofautiana sana. Wiki inayoelea, ambayo mmiliki hulazimika kuomba nafasi na kupewa kinachobaki, ni bidhaa nyingine kabisa, na nadhani hiyo ndiyo mliyokutana nayo. Isitoshe, mmesahau kubadilishana. Kampuni ya RCI ilianzishwa Marekani mwaka 1974, na Interval International ikafuata mwaka 1976, zote kwa lengo la kumwezesha mmiliki kuiweka wiki yake na kuchukua ya mahali pengine. Sisi tumewahi kufika sehemu ambazo tusingezifikiria kwa njia hiyo.

Kaskazi

Ahsante, Mwenye Wiki. Ni kweli, yetu ni ya kuelea. Je, wiki ya makazi yaliyochakaa inaweza kubadilishwa kwa mahali pazuri?

Mwenye Wiki

Kwa uaminifu, si kirahisi. Mfumo wa kubadilishana hukupa thamani inayolingana na ulichoweka. RCI kwa miaka mingi ilizigawa wiki kwa rangi, nyekundu ikiwa ya msimu wenye wageni wengi, nyeupe ya msimu wa kati na buluu ya msimu ulio mtupu, na mwenye buluu hakupata nyekundu kwa kupenda tu. Maoni ya wageni kuhusu usafi na huduma nayo huathiri daraja la makazi. Zaidi ya hayo kuna ada ya uanachama na ada ya kila badilisho, ambazo Mizani angezidai katika hesabu yake, na angekuwa na haki.

Kuhusu pointi ningewatahadharisheni kabisa. Pointi zinanunulia siku chache au nyingi, katika msimu wowote, na kwa mtu anayepanga safari yake mapema sana zinaweza kufaa. Lakini anayeamua wiki fulani itagharimu pointi ngapi ni kampuni, na mmiliki hana kura katika uamuzi huo. Mnatoa haki iliyoandikwa, hata kama ni dhaifu, mnapokea sarafu ambayo mwenye kuichapa ndiye mwenye duka. Na kulipa fedha mpya ili kuokoa kitu ambacho hakijawafurahisha, kwa ushauri wa muuzaji, mimi nisingekubali.

Mkodi Mzoefu

Njia ya tatu ndiyo yangu, nami naipendelea kwa mtu wa hali yako. Kwa kuwa ada inadaiwa hata nyumba ikilala tupu, wamiliki wasioweza kusafiri hukodisha wiki zao kwa bei ya kufidia ada tu, na wakati mwingine chini ya hapo. Unapata jiko, nafasi na ufuo bila kufungwa na kitu chochote mwaka unaofuata, na ukikuta bwawa limefungwa unajua hutarudi.

Haikosi hatari zake. Mara nyingi fedha hairudishwi ukighairi, na mgeni wa mmiliki huwa wa mwisho kufikiriwa nyumba zinapogawanywa, kwa hiyo ile nyumba ya upande wa maegesho inaweza kuwa yako tena. Usilipe chochote kabla uhifadhi haujawekwa kwa jina lako na wasimamizi wenyewe hawajakuthibitishia kwa namba ya simu uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na mkodishaji. Uliza pia kama mmiliki amelipa ada ya mwaka huo, maana mwenye deni huweza kuzuiwa kuitumia wiki yake, na wewe ukazuiwa pamoja naye.

Hoteli inashinda pale mnapokwenda kwa siku chache, mnapohitaji uhuru wa kughairi, au mnapotaka mtu wa kumwajibisha papo hapo. Kwa wiki nzima na watoto, naona inashindwa.

Karani

Ndugu Kaskazi, hujaleta swali la kisheria, lakini limo ndani ya mada yako na ni la haraka kuliko mengine.

Sheria nyingi za mfumo huu humlinda mnunuzi mpya. Katika Umoja wa Ulaya, agizo namba 2008/122 linampa mlaji siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na linakataza kupokea malipo yoyote ya awali ndani ya muda huo. Jimbo la Florida, ambako biashara hii imestawi sana, linatoa siku 10. Mama mkwe wako amekwisha kupita vipindi hivyo zamani, lakini ninyi mkisaini kuigeuza wiki kuwa pointi mtakuwa mmeingia mkataba mpya, na hapo siku hizo zitaanza kuhesabiwa upya kwa mujibu wa sheria ya mahali mliposaini.

Jambo la pili ni muda wa mkataba. Baadhi ya mikataba ina kikomo, mingine huendelea milele na kudai ada kutoka kwa warithi. Hispania ilikuwa na mikataba mingi ya aina hiyo hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua, mwaka 2015, kwamba mikataba isiyozingatia kikomo cha miaka 50 kilichowekwa na sheria ya mwaka 1998 ilikuwa batili. Kwingineko hali si hiyo, kwa hiyo usomeni mkataba na sheria inayoutawala. Kwa kawaida mrithi anaweza kuukataa urithi kwa maandishi, mradi afanye hivyo ndani ya muda uliowekwa na awe hajaanza kuutumia kama mali yake. Kukubali majina yenu yaandikwe kwenye hati sasa, akiwa hai, ni jambo tofauti kabisa, kwa sababu mtakuwa wamiliki wenye deni kwa hiari yenu wenyewe, na mlango huo wa kukataa utakuwa umefungwa.

Mizani

Naunga mkono. Na kuiuza je?

Karani

Soko la mkono wa pili ni dhaifu mno. Wiki nyingi za makazi ya kawaida hutolewa kwa bei ndogo sana au bure, na bado hazipati mpokeaji, kwa sababu mpokeaji anaiona ada. Njia safi ni kuwaandikia wasimamizi na kuuliza kama wanapokea wiki zilizorudishwa. Makazi kadhaa yana utaratibu huo, na sharti la kwanza karibu kila mahali ni kwamba ada iwe imelipwa yote, kwa hiyo mama mkwe asiache kulipa kwa hasira.

Yeyote atakayempigia simu akisema tayari ana mnunuzi, ila zinatakiwa kwanza fedha za kodi au za uhamisho, asisikilizwe. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya kwa ulaghai wa aina hii, na walengwa wakubwa walikuwa wamiliki wenye umri mkubwa.

Kaskazi

Nawashukuruni nyote. Tumezungumza na mama mkwe, na amekubali majina yetu yasiandikwe. Alitueleza kwamba alidhani anatupunguzia gharama, naye hakuwahi kuelezwa kwamba ada haina ukomo. Ameomba taarifa ya fedha kama alivyoshauri Chumvi na Chuma, na barua ya kuuliza utaratibu wa kurudisha wiki itatumwa pamoja na ombi hilo. Kwa likizo ijayo tutakodi kwa mwenye wiki isiyobadilika, ili nyumba iliyoandikwa iwe ndiyo tutakayolala, na ikishindikana tutakwenda hotelini kwa siku chache.

Karani

Vyema. Wakikubali kuipokea, msiridhike na barua ya shukrani. Kama umiliki wake uliandikishwa kwenye daftari la ardhi, adai nakala ya uhamisho uliosajiliwa, na kama ni haki ya kutumia tu, adai tamko lililosainiwa linalosema kwamba mkataba umekoma na hadaiwi ada yoyote kuanzia tarehe hiyo.