Nikizima lokesheni, kampuni ya simu bado inajua nilipo?

MchovuWaBando: Wakuu habari. Nikizima lokesheni kwenye Android na kuweka laini mpya, mtandao bado unaniona?

FundiMinara: Unakuona, mkuu. Lokesheni unayozima ni ya programu: ramani, teksi za mtandaoni, Facebook. Mnara hauhitaji GPS. Simu ikiwa hewani lazima ijitambulishe, la sivyo ukipigiwa mtandao hautajua ukutafute wapi. Mnara wa 2G (mtandao wa zamani wa simu) hukadiria umbali wako kwa hatua za mita 550 hivi, wa 4G kwa mita kama 78. Minara mitatu ikikusikia, eneo linabana zaidi. Kijijini kwenye mnara mmoja wanajua upande na umbali tu.

Kubadili laini ndiko kunakowadanganya wengi. Bonyeza *#06# uone IMEI, tarakimu 15. Hiyo ni ya simu yenyewe, na mtandao huisoma pamoja na laini. Laini mpya kwenye simu ileile inaungana na ya zamani siku hiyohiyo. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Tena kwa Tanzania laini hiyo mpya imesajiliwa kwa NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole, kwa hiyo jina lako limeshatangulia.

Kidole_Kimoja: Hapo kwenye usajili, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Rudia kwa kila mtandao. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho waifute. Usimwachie wakala wa mwavuli. Mchezo ni uleule: "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe cha kwanza kilisoma na cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine. Laini hiyo ikitumika kwenye utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anayetafutwa ni wewe.

MchovuWaBando: Basi nirudi kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe?

FundiMinara: Kitochi kitakuepusha na programu, siyo na mnara. Na vingi ni vya 2G, ambako mnara huihakiki laini lakini simu haiuhakiki mnara, hivyo mwenye mnara bandia anaweza kuinasa simu yako. Android 12 na kuendelea, baadhi ya simu zina kitufe cha kuzima 2G kwenye mipangilio ya SIM. Ukienda sehemu yenye 2G tupu, iruhusu tena 2G, la sivyo hata kupiga hutapiga.