Waigizaji wa sauti wa kike Japani: wanaingiaje kwenye kazi, na anime na gemu zinatofautianaje?

Mzabibu_Dom:
Wakuu, habari za jioni. Kuna kikundi cha vijana hapa Dodoma, wengi wao wanafunzi wa UDOM, wanataka kuanza kurekodi katuni fupi za Kiswahili, na wanaowatazama kama mfano ni wale akina dada wa Japani wanaoigiza sauti kwenye anime (katuni za Kijapani) na gemu. Wanadhani kinachotakiwa ni sauti nzuri tu. Naomba anayeijua kazi hii anieleze: wanaanzia wapi, wanalipwaje, na je, kurekodi anime na kurekodi gemu ni kitu kimoja?

Kinyasungwe:
Mkuu, sauti nzuri ndiyo kitu cha mwisho. Mchukue Hayashibara Megumi. Alizaliwa Tokyo mwaka 1967, akasomea uuguzi huku akihudhuria mafunzo ya uigizaji wa sauti, na uuguzi akaumaliza. Mwaka 1986 akaanza na vijisehemu vidogo. Mwaka 1989 akawa sauti ya Ranma, mvulana wa katuni ya *Ranma ½*, pale anapogeuka msichana. Mwaka 1995 ndipo unapoona uwezo wake: mwaka huohuo mmoja alikuwa Lina wa *Slayers*, anayepayuka na kuongea mbio kama muuza mitumba, na Ayanami Rei wa *Neon Genesis Evangelion*, anayeongea kama maji yaliyotulia kwenye mtungi. Ndani ya *Evangelion* hiyohiyo aliigiza pia Pen Pen, yule pengwini. Waambie vijana wako wawasikilize Lina na Rei mfululizo, kisha wajiulize kilichobadilika ni nini. Watagundua kuwa ni pumzi, kasi na mahali anapotua. Unene wa sauti haukubadilika kiasi wanachodhani.

Njia ya kuingia ni ndefu. Wengi hupita chuo au darasa la mafunzo, aghalabu miaka 2 hadi 3. Wakala wakubwa, yaani kampuni zinazowatafutia waigizaji kazi, kama Aoni Production na 81 Produce, wana madarasa yao. Mwishoni kunakuwa na mchujo, na wengi huishia hapo. Anayepita hupokewa kwanza kwa majaribio, bado si mwanachama kamili. Usaili wa anime hautangazwi barabarani. Hupitia kwa wakala, ambaye hutuma sampuli fupi ya sauti, kisha mwongozaji wa sauti na watayarishaji ndio wanaochagua. Asiye na wakala hata habari za usaili hazimfikii.

Kuhusu malipo, kuna ngazi zinazotokana na makubaliano ya chama cha waigizaji. Mgeni hulipwa yeni 15,000 kwa kipindi kimoja cha dakika 30, na hubaki hapo miaka 3. Kwa kubadilisha ni kama laki mbili na nusu za kwetu, na wakala bado hajakata chake. Baadaye anapangiwa ngazi, hadi yeni 45,000, na wakongwe hupatana wenyewe juu ya hapo. Zingatieni hili: ukisema neno moja au ukisema maneno mia mbili, kipindi ni kilekile na malipo ni yaleyale. Ndiyo maana sehemu ndogondogo hupewa wageni, na anayepanda ngazi anaweza kukuta simu zimepungua kwa sababu amekuwa ghali. Hata viwango hivyo havikuja kwa hisani. Mwaka 1973 waigizaji waligoma na kuandamana Tokyo ndipo malipo yakapanda.

Jambo moja ambalo watu hawaliwazi: kwa wanawake, sehemu za wavulana ndizo zenye maisha marefu. Nozawa Masako, aliyezaliwa 1936, amekuwa Goku wa *Dragon Ball* tangu 1986. Tanaka Mayumi amekuwa Luffy wa *One Piece* tangu 1999, Takeuchi Junko akawa Naruto wa katuni ya jina hilohilo 2002. Mtoto wa kiume ukimpa nafasi hiyo, sauti itavunjika ndani ya miaka michache na mfululizo bado unaendelea. Mwanamke mzima anaishika sauti ileile miongo kadhaa.

Ntyuka_Sauti:
Kinyasungwe ameeleza vizuri, mimi niingie studio.

Anime kwa kawaida hurekodiwa pamoja. Mbele kuna skrini, kuna maiki 3 au 4 zimesimama kwa mstari, na waigizaji wako wengi kuliko maiki. Kila mmoja ana skripti mkononi. Zamu yako ikikaribia unanyanyuka, unasogea kwenye maiki ambayo mwenzako anaiacha, unasema, unarudi nyuma, na yote hayo bila kishindo. Karatasi hufunguliwa kwa kuinua pembe ya ukurasa kabla hujauhitaji, ikiwa mbali na maiki. Nguo za kuchakarika haziruhusiwi, wala bangili. Na usiende na njaa, kwa sababu tumbo likinguruma maiki inalinasa na wote mnarudia.

Picha mara nyingi haijakamilika. Unaona michoro ya penseli, na jina la mhusika linatokea kwenye skrini pale anapotakiwa kuongea. Likitoweka, muda wako umekwisha. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika nyumbani: unapewa video siku chache kabla, unaandika pembeni ya kila sentensi dakika na sekunde inapoanzia, na unaweka alama ya pumzi. Studio kuna jaribio, mwongozaji anatoa masahihisho, halafu mnarekodi kweli. Sehemu ambazo watu wawili wanaongea kwa pamoja hurekodiwa pembeni mmoja mmoja, ili mafundi waweze kuzichanganya. Kipindi cha dakika 24 hula saa 3 au 4.

Gemu ni kazi ya upweke. Uko peke yako chumbani, una jedwali refu lenye namba ya faili, sentensi, na maelezo mafupi kama "amekasirika, yuko mbali". Picha mara nyingi hakuna, na anayekujibu hayupo. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: sentensi ya 40 inajibu kitu ambacho hujakisikia, ukaisema kwa nguvu isiyolingana na ya mwenzako, na ndani ya gemu mnasikika kama watu wawili walio vyumba tofauti. Dawa yake ni kumuuliza mwongozaji mambo matatu kabla ya kila kifungu: naongea na nani, yuko umbali gani, nini kimetokea sasa hivi.

Kisha kuna sauti za mapigano. Pigo dogo, la kati, kubwa, kuumia kidogo, kuumia sana, kufa. Kila moja inatakiwa kwa namna kadhaa, maana mchezaji akisikia "hya!" ileile mara mia atachoka. Hizi ziwekwe mwisho kabisa wa siku. Ukianza na mayowe, sentensi za upole zote zitatoka na mkwaruzo.

Mzabibu_Dom:
Asanteni sana, nimenakili kila kitu. Wawili katika kikundi wanajifunza Kijapani na wana ndoto ya kwenda. Na kwa sasa hawana studio, wana chumba kimoja chenye paa la bati. Wafanyeje?

Mlimwa:
Ndugu, Kijapani na Kiswahili zinakaribiana kwa irabu, a, e, i, o, u, na silabi nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo Mtanzania huanza vizuri. Mtego uko kwenye mkazo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kijapani kinahesabu urefu. Sema *obasan* kwa mkazo wetu, utavuta "ba", na shangazi wa mtu umemgeuza *obaasan*, yaani bibi. Vivyo hivyo *kite* ni "njoo", *kitte* ni stempu, tofauti ni kukatisha pumzi kidogo kabla ya t. Baada ya hapo kuna kupanda na kushuka kwa sauti: *ame* ukianza juu ukashuka ni mvua, ukianza chini ukapanda ni peremende. Watumie kamusi ya matamshi ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, na wajirekodi kila siku. Mwigizaji hasamehewi kosa hilo kama anavyosamehewa mgeni wa kawaida.

Sasa chumba. Bati la Dodoma lina maadui wawili, mvua ya Desemba hadi Machi, na upepo wa kipupwe kuanzia Juni. Upepo ni mbaya zaidi kwa sababu hulitikisa bati kidogokidogo, sikio linazoea, maiki haizoei. Warekodi alfajiri kabla upepo haujaamka. Wasimamishe magodoro mawili kwa umbo la V nyuma ya anayeongea, na blanketi nzito juu yake kama paa. Watu wengi huweka godoro nyuma ya maiki tu, ilhali maiki inasikia zaidi ukuta ulio nyuma ya msemaji. Kanga ukutani haisaidii, ni nyepesi mno.

Maiki iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisiipige. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya inatosha kuwa kichujio. Warekodi WAV, mono, 48 kHz, biti 24, na kilele cha maongezi ya kawaida kikae kati ya -12 na -6 dB. Mayowe wapunguze kwenye mashine na kurudi hatua moja nyuma, wasiyapunguze kooni. Kabla ya kila kipindi warekodi sekunde 30 za ukimya na kuzisikiliza kwa hedifoni. Hapo ndipo utasikia friji ya jirani.

Hewa ya huku ni kavu na ina vumbi. Wanywe maji kwa mafunda madogo kuanzia saa moja kabla, chai ya maziwa waiache hadi wamalize. Koo likiwasha wameze, wasikohoe kwa nguvu. Na kunong'ona si kupumzisha sauti. Mkwaruzo ukizidi wiki mbili hadi tatu, waende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kwa mazoezi ya ulimi, "kale kakuku kadogo ka kaka kako wapi, kaka?" polepole kwanza, kisha kwa sauti ya mtoto wa kiume wa miaka kumi, kisha mzee, bila neno hata moja kupotea. Na wasisubiri Japani. Dar es Salaam tamthilia za nje zinatiwa sauti za Kiswahili, na *Ubongo Kids*, katuni ya elimu kwa watoto, imekuwa ikitengenezwa huko tangu 2014. Waandae sampuli ya dakika moja na nusu yenye wahusika wanne, kila mmoja sekunde 20 hivi, anayefanana zaidi na sauti yao ya kawaida akiwa wa kwanza.