Butternut au boga la kienyeji, kwa shamba la Moroto?

Kijana_Moroto: Wakubwa, habari. Nina nusu eka hapa Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, nataka kupanda maboga. Duka la pembejeo lina Butternut aina ya Waltham, lile boga dogo lenye umbo la peari, na chotara moja (mbegu ya kuchanganya aina mbili) ghali kweli. Mama mkwe naye ana mbegu za boga la kienyeji, lile kubwa la kijani. Nichukue ipi? Nalipa wiki hii.

Afande_Mstaafu: Hujasema kitu bado. Maji unatoa wapi? Unapanda mwezi gani? Unauza au mnakula? Moroto ya Januari si ile ya Mei.

Kijana_Moroto: Samahani afande. Kuna kisima cha pampu ya mkono, si mbali sana. Nataka kuanza Januari, niuze kabla ya mvua.

Mama_Zamu: Nusu eka kwa pampu ya mkono? Mwanangu, mgongo huo utauhitaji uzeeni. Ngoja mvua za Aprili, au anza na mashimo machache tu: mapana, samadi iliyooza, nyasi kavu juu, maji shinani jioni. Na chukua ya mama mkwe. Majani unapika na karanga wakati boga lenyewe bado.

Miche_Mbale: Mama, hata majani ya butternut yanaliwa. Shida ya Januari ni maua. Joto likipita nyuzi 35 mmea hutoa madume mengi, majike machache, na hayo machache hudondoka. Ua jike utalijua, lina kiboga kidogo chini yake. Amka mapema, chuma dume, mpake jike katikati. Mimi nasema Waltham: miezi mitatu na kidogo unavuna, na kwa kuwa si chotara unaweka mbegu yako. Majani yakinywea saa nane mchana usihangaike. Yakiwa bado yamenywea alfajiri, hapo mwagilia.

Wa_Arua: Chotara ikae hukohuko dukani. Niliuziwa kwa maneno matamu kwamba haijui ukame. Kweli ilitambaa, kijani mpaka njiani, watu wanapita wanasifu. Viboga vikifika ukubwa wa yai vinageuka njano, vinaanguka. Muuzaji kwenye simu: "ongeza maji." Tukaongeza. Vikazidi kuanguka. Jirani akachukua kimoja, akanionyesha tundu dogo lenye utomvu mkavu kama gundi, akakipasua: funza weupe, wengine wanaruka kabisa. Nzi wa matunda. Kibarua akapuliza dawa asubuhi maua yakiwa wazi, nyuki wakafa, hata kile kidogo kilichokuwa kinashika kikakoma. Muuzaji hapokei simu tena. Sasa kila kiboga nakivisha mfuko wa gazeti kingali kichanga, na kilichoanguka nakifukia chini sana. Aina yoyote utakayopanda, nzi hao hawachagui.

Afande_Mstaafu: Tena usipande karibu na vibuyu. Boga litakuwa chungu.

Miche_Mbale: Afande, kibuyu na boga havizaliani. Na hata boga likichavushwa na boga jingine, tunda la msimu huu halibadiliki. Kinachobadilika ni mbegu.

Afande_Mstaafu: Boga hilo nimelila huko Kotido, chungu kama kwinini, na vibuyu vilikuwa palepale uani. Utaniambia nini?

Miche_Mbale: Kwamba mbegu ilikuja tayari imechanganyika. Na boga chungu mtu hali, linaendesha tumbo vibaya.

Afande_Mstaafu: Liliendesha.

Mama_Zamu: 😂 Jamani. Kijana, hujajibu bado, unauza wapi? Butternut soko lake ni hoteli na Kampala. Sokoni kwenu watu wanataka boga kubwa la kukata vipande.

Kijana_Moroto: Sokoni hapahapa. Ila jirani ana mbuzi wengi, na sina uzio.

Wa_Arua: Mbuzi! Hilo ungetuambia mwanzo.

Afande_Mstaafu: Kata miiba, zungushia mara mbili. Waya watakuibia.

Mama_Zamu: Huyo mama mkwe anauza mbegu? Niwekee kidogo, nina mtu anakuja huko Ijumaa.