Karafuu zimeharibika: ni adhabu yangu?

Wa Wete: Asalaam alaikum. Msimu uliopita niliwapunja wachumaji wawili wa karafuu pishi (kipimo cha kuchumia) nane nane kwenye hesabu, nikijua. Mwaka huu mvua ya vuli imenikuta majamvi ya kuanikia yako nje. Karafuu zote zimekuwa mpeta, yaani zimeharibika kwa kurowa, hazina bei. Mke wangu ananambia nisubiri. Mimi kila nikiinua mikono naona haya, dua naikatisha. Mlango wa toba bado upo wazi?

Bibi wa Konde: Waalaikum salaam, mwanangu. Soma Az-Zumar aya ya 53: waliojidhulumu nafsi zao wanaambiwa wasikate tamaa na rehema. Na usijifanye unajua mvua imekuja kwa ajili yako. Jirani zako nao zimewarowa, wao waliiba nini? Al-Baqarah 155 inataja kupungukiwa mali na matunda kuwa ni mtihani.

Mchumaji: Bibi kasema kweli, lakini mie nimeparamia mikarafuu miaka mingi, nakwambia wazi: kuacha kosa, kujuta na kuazimia kutorudia hakutoshi hapo. Hiyo ni haki ya mja, ya mtu uliyemdhulumu. Rudisha pishi zao. Huna? Nenda ukaombe muda, uso kwa uso, si kwa simu.

Wa Wete: Mmoja kafariki Ramadhani.

Mchumaji: Inna lillahi. Basi ni za warithi wake.

Wa Wete: Mjane yupo Micheweni. Alfajiri napanda gari. Nina pishi tano nzuri zilizokuwa ndani, naanza na hizo.

Bibi wa Konde: Na dua usiikatishe tena.