Hercules wa katuni na Hercules wa kitabuni: nimweleze nini binti yangu?

Mama Wawili, Morogoro

Habari zenu. Naomba msaada wa mtu anayezijua vizuri hadithi za Wagiriki wa kale. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la nne, na ile katuni ya Hercules ya Disney ya mwaka 1997 anaipenda mpaka nyimbo zake anaziimba akiosha vyombo. Sasa mjomba wake kamletea kitabu cha hadithi za Ugiriki. Akakimbilia jina analolijua, akakuta Hercules kashikwa na wazimu na kuwaua watoto wake mwenyewe. Kaniuliza, "Mama, kwani alikuwa mtu mbaya?" Nilikosa jibu.

Baba yake anasema nikifiche kitabu mpaka afike sekondari. Bibi yake naye haitaki hata katuni, anasema yule Hades, mungu wa kuzimu mwenye nywele za moto, ni Shetani na watoto wanafundishwa kumchekea. Katuni imebadilisha kiasi gani? Na nimwache asome?

Mwalimu wa Fasihi, Tanga

Mwache asome, dada, ila kaa naye. Hadithi hii naipenda tangu nikiwa mwanafunzi, na inaniuma watu wanapoishia kwenye misuli ya Hercules tu.

Mabadiliko yanaanzia kwenye kuzaliwa kwake. Katika filamu ni mtoto wa Zeus, mfalme wa miungu, na mkewe Hera, na wote wawili wanampenda. Wagiriki hawakusimulia hivyo. Zeus alimzaa na Alcmene, mke wa Amphitryon, na Hera akamchukia mtoto kwa sababu ya usaliti wa mumewe. Wale nyoka wawili ambao mtoto anawanyonga kwa mikono yake walitumwa na Hera. Waongozaji wa filamu, John Musker na Ron Clements, nyoka wamewabakiza, wamembadilisha aliyewatuma. Na Hera akishakuwa mama mwema, lazima apatikane adui mwingine. Hapo ndipo Hades alipobebeshwa lawama zisizo zake.

Bibi hajakosea kuona alichokiona. Hades wa katuni anawafunga watu kwa mikataba ya roho zao na anataka kuipindua mbingu, kwa hiyo amechorwa kama Shetani kweli. Hades wa Wagiriki hakuwa mwasi. Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anasimulia kwamba ndugu watatu walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Akatulia kwenye fungu lake. Watu walimwogopa kwa kuwa kila mtu ataishia kwake.

Sasa wale watoto. Wazimu ule ulitoka kwa Hera. Kwa simulizi ya Apollodorus, mwandishi aliyezikusanya hadithi hizi, Hercules alipopata fahamu alikwenda Delphi, kwenye hekalu la kuagulia, kuuliza afanye nini, akaambiwa akamtumikie Eurystheus, mfalme mwoga kiasi kwamba alijitengenezea mtungi mkubwa wa kujificha kwa kumwogopa Hercules. Zile kazi ngumu kumi na mbili zilizompa Hercules sifa ndiyo huo utumishi. Kwenye katuni anapigana na madude apate sifa na arudi Olympus, mlima wa miungu, kwa baba yake, na sura yake inauzwa kwenye viatu na vikombe. Kwenye hadithi ya kale anafanya kazi kwa sababu mikono yake ina damu ya wanawe. Hili ndilo pengo kubwa la filamu ile kwangu mimi, kuliko damu yenyewe waliyoiondoa.

Euripides, mtunzi wa tamthilia, alipanga kwa namna nyingine: kazi zimekwisha, shujaa amerudi nyumbani, ndipo wazimu unampata na anawaua watoto pamoja na mkewe Megara, yule Meg wa katuni. Anataka kujiua. Anakuja rafiki yake Theseus, mfalme wa Athens, na wakati ule mtu mwenye damu mikononi aliogopwa hata kuguswa. Theseus anamshika, anamwinua, anamchukua kwenda naye Athens. Binti akiuliza kama alikuwa mtu mbaya, msomee hapo. Mtoto wa darasa la nne anaelewa maana ya rafiki asiyekukimbia.

Baba Mapacha, Nakuru

Mwalimu, kwa heshima, mimi naona Disney walifanya sawa. Pacha wangu wana miaka mitano. Siwezi kuwaambia baba aliua watoto wake halafu wakalale.

Mwalimu wa Fasihi, Tanga

Wa miaka mitano hata mimi nisingewaambia, ndugu yangu. Waimbe tu. Lakini huyu wa Morogoro ameshasoma na ameshauliza, na kitabu kikifichwa swali linabaki naye. Sisi wa pwani tulisimuliwa Fumo Liyongo tukiwa wadogo, tukajua kwamba mwanawe mwenyewe ndiye aliyemchoma kwa sindano ya shaba kitovuni. Tulisimuliwa na bibi zetu, nao walikuwepo kutujibu.

Mchora Vibonzo, Dar

Msiisahau kazi ya mkono. Disney walimwita Gerald Scarfe, mchoraji wa Kiingereza wa vibonzo vya siasa, na ndiyo maana nyuso na viungo vimejaa mikunjo na ncha kali. Tazameni mwanzo: miungu wa kike wa sanaa wanatoka kwenye michoro ya vyombo vya udongo wakianza kuimba. Kwa Wagiriki walikuwa tisa, filamu ina watano. Na joka la Hydra, lile linalozidisha vichwa kila linapokatwa, lilitengenezwa kwa kompyuta katikati ya filamu iliyochorwa kwa mkono. Mkionyesha watoto picha za vyungu vya Kigiriki vyenye Hercules akipambana na simba wa Nemea, kazi yake ya kwanza, watamtambua mara moja.

Mama Wawili, Morogoro

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Baba yake nimemsomea, kakubali tusome pamoja. Tuanzie wapi?

Mwalimu wa Fasihi, Tanga

Marahaba. Anzeni na Alcestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe. Hercules alikwenda kaburini, akapambana na Mauti ana kwa ana, akamrudisha mama wa watu nyumbani. Binti akikumbuka namna Hercules anavyomfuata Meg kuzimu mwishoni mwa katuni, ataona watengenezaji hawakuwa mbali sana na Wagiriki.

Kisha someni Hydra. Kwenye katuni Hercules analimaliza peke yake kwa kuliangushia mwamba. Kitabuni alishindwa peke yake, akamwita Iolaus, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa akiunguza kila shingo kwa kijinga cha moto ili kichwa kisiote tena. Eurystheus akakataa kuihesabu kazi hiyo kwa kuwa alisaidiwa. Muulize binti kama mfalme alitenda haki, halafu mwache abishane na baba yake.