Ndizi za mboga, watu 60: afisa wa afya ya mazingira (EHO) amerudisha fomu

Katibu:
Shikamooni wakubwa, wadogo salamu. Fomu ya chakula cha sherehe yetu ya Uhuru hapa Uingereza, tarehe 9 Desemba, imerudi tena. Wali na maharage havina neno, ila EHO amezungushia duara pale palipoandikwa "ndizi". Anataka maelezo hatua kwa hatua: zinapikwaje, zinapozwaje, zinapashwaje, pamoja na aleji zote. Halafu anasema huenda tukatakiwa kujisajili kama biashara ya chakula kwa kuwa sahani zinauzwa. Ni ndizi na mboga bila nyama, sufuria mbili. Swali langu ni moja tu: shughuli ya mara moja kwa mwaka, tunajisajili au hatujisajili? Jibu linatakiwa Ijumaa.

Dada wa Slough:
Katibu, kwanza ndizi gani? Kama ni zile za supamaketi, badilisha menyu. Zile zimepita chumba cha kuivishia, zimepigwa gesi ya ethileni, na hata ganda likiwa bado kijani wanga umeshaanza kugeuka sukari. Mchuzi wake unakuwa mtamtamu na unavutika. Chukua matoke ya Uganda kwa boksi. Kadiria gramu 250 zilizomenywa kwa kila mtu, yaani kilo 15. Maganda yanaondoka na karibu asilimia 40, kwa hiyo nunua kilo 25. Usizitie friji. Chini ya nyuzi 13 ganda linapiga weusi na ndani panakakamaa, hata uchemshe vipi. Ziweke stoo, mbali na matofaa na parachichi, maana nayo yanatoa gesi ileile.

Mhaya wa Luton:
Afadhali dada umetaja matoke, watani zangu wa Moshi walikuwa wanakuja na mshare wao, ndizi za kupika za kwao. Kumenya: paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, kata ncha zote mbili, menya ndani ya beseni la maji yenye chumvi na limau. Utomvu sabuni haiutoi, mafuta yanautoa. Ndizi ikikaa hewani inapiga kijivu; haidhuru mtu, ila mgeni akiona hivyo hatakula. Kwa sufuria moja ya lita 25: ndizi kilo 7.5, vitunguu kilo 1, karoti kilo 1, nyanya chungu kilo 1, nyanya kilo 1, hoho 6, mafuta kikombe kimoja, chumvi gramu 100. Kaanga vitunguu, tia nyanya ziive, halafu ndizi na maji.

Mama Moshi:
Mwanangu, nyanya usitie mwanzo. Ukali wake unazuia ndizi kulainika, unabaki na kiini kigumu katikati huku nje kunamomonyoka. Kwenye sufuria ya watu watano hutaona tofauti. Kwenye kilo 7 utaiona. Kaanga vitunguu na kitunguu saumu, panga ndizi na karoti, mimina maji ya MOTO yafike usawa wa ndizi, yasizifunike. Funika. Yakishachemka hesabu dakika 15, juu panga nyanya chungu nzima nzima, kisha nyanya na hoho. Dakika 10 au 12 tena. Mwiko usiingie humo. Shika masikio ya sufuria utikise, vinginevyo utapata mtori usioukusudia. Tui makopo 4 ya mililita 400 kila sufuria, mwisho kabisa, moto mdogo. Likichemka kwa nguvu linakatika, na likishakatika halirudi.

Mhaya wa Luton:
Shikamoo mama. Kwetu ndizi hatutii nazi, tunapika na maharage humo humo.

Shemeji wa Leicester:
Hapo kwenye maharage tahadhari, hasa mwenye wazo la kutumia lile jungu la umeme la kupikia polepole. Maharage mekundu yana lektini, sumu ya asili, na joto la jungu lile haliiondoi. Linaweza hata kuizidisha. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya yanayotokota dakika 10 kamili, halafu endelea mpaka yalainike kabisa ndipo uchanganye. EHO akisoma "ndizi na maharage" bila hatua hiyo, duara la pili hilo.

Dada wa Slough:
Na nazi mkumbuke kuiandika kwenye aleji, ni njugu.

Shemeji wa Leicester:
Si njugu. Nazi haimo katika zile aleji 14 za kisheria. Itajeni tu kwenye viungo. Wanaotusumbua ni vidonge vya supu, vingi vina seleri na vingine ngano. Unga wa bizari wa kuchanganya nao mara nyingi una haradali. Someni pakiti, msikisie.

Mama Moshi:
Kidonge cha nini kwenye ndizi? Chumvi na tui vinatosha.

Shemeji wa Leicester:
Kuhusu kupoza, Katibu mwandikie hivi: HATUPOZI. FSA, wakala wa viwango vya chakula, wanataka chakula kipoe ndani ya saa moja hadi mbili, na sufuria ya lita 25 yenye wanga haipoi kwa muda huo hata uiweke nje Desemba. Isitoshe ndizi zilizolala zinaganda, ukizipasha zinakuwa zito na tui linajitenga. Pikeni asubuhi ileile. Katikati ifike nyuzi 70 kwa dakika 2, kisha isishuke chini ya 63 hadi kwenye sahani. Sufuria ya pili ianze saa moja baada ya ya kwanza, maana ndizi zikikaa motoni muda mrefu zinavurugika. Zikikaza, ongeza maji ya moto nusu lita kandokando, tikisa.

Kijana wa Reading:
Samahani wakubwa, lakini tunasherehekea Uhuru wetu kwa ndizi za Uganda? Za Kagera na Kilimanjaro zinaishia soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, Dar. Serikali ya nyumbani inatupa sisi wa ughaibuni hadhi maalumu, boksi la ndizi haiwezi kulisafirisha.

Mhaya wa Luton:
Umenikumbusha Mabibo asubuhi, mikungu inashushwa kwenye Fuso. Na hadhi maalumu si uraia pacha, usiwasaidie kuchanganya.

Msimamizi:
Siasa ina uzi wake. Turudi jikoni.

Katibu:
Ahsanteni. Nimeandika "hatupozi" na hatua za mama, nyanya mwisho. Kusajili je? Nasikia ni siku 28 kabla ya kuanza kuuza.

Dada wa Slough:
Ni bure lakini, haina ada.

Mama Moshi:
Katibu, hizo sufuria za lita 25 zina vifuniko vyake? Mvuke ukitoka, ndizi za juu haziivi.