Kwa nini mauzo ya ardhi za waasi wa Uskoti baada ya mwaka 1715 hayakuinufaisha Hazina?

Mdadisi wa Korogwe

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimekuwa nikisoma habari za uasi wa mwaka 1715 huko Uskoti, pale Erli wa Mar, kabaila wa Uskoti, alipopandisha bendera Braemar akitaka kumweka James Stuart, mwana wa mfalme aliyeondolewa mwaka 1688, kwenye kiti cha enzi cha Uingereza. Uasi ulivunjika baada ya mapigano ya Sheriffmuir na Preston mwezi Novemba, na wakuu wake wengi wakakimbilia ng'ambo. Mwaka 1716 Bunge la London likateua makamishna wa kuorodhesha mali za waliotiwa hatiani, na mwaka 1718 likatunga sheria nyingine ya kuziuza, ili fedha zisaidie kupunguza deni la taifa.

Kinachonitatiza ni hesabu yake. Mashamba ya Uskoti yaliingiza takriban pauni 411,000, lakini baada ya malipo yote Hazina ilibaki na pauni elfu moja na ushei tu. Serikali iliyoshinda vita, yenye jeshi na Bunge mkononi, inawezaje kuuza ardhi za maelfu ya ekari kisha ikatoka karibu mikono mitupu? Je, fedha ziliibwa, au kuna jambo kuhusu ardhi yenyewe ambalo sijalielewa?

Wakili Mstaafu

Ndugu Mdadisi, sitauweka wizi mbele, ingawa gharama za makamishna na ofisi zao, takriban pauni 83,000, zinamkera mtu yeyote aliyewahi kukagua hesabu za umma. (Mmoja wao alikuwa Richard Steele, mwandishi mashuhuri wa magazeti ya London, ambaye sidhani kama aliwahi kukagua shamba kabla ya hapo.) Jibu kubwa zaidi liko katika madeni. Kabaila wa Uskoti wa zama zile alikuwa na ardhi nyingi na fedha taslimu chache, kwa hiyo shamba lilikuwa limewekwa rehani kwa huyu, limedhamini mahari ya binti wa yule, na limefungwa na haki ya mjane ya kutunzwa hadi kufa. Sheria ilikubali kwamba wadai halali walipwe kwanza, na madai hayo yalikula takriban pauni 303,000.

Zaidi ya hapo, makamishna walipofika Edinburgh walikuta mahakama kuu ya huko imekwisha kuteua wasimamizi wa mashamba kwa maombi ya wadai, na baadhi ya wasimamizi hao walikuwa jamaa au marafiki wa wenye mashamba. Kodi zikawa zinapita mikononi mwa wasimamizi, na makamishna wakishika karatasi. Majaji wale hawakuwa waasi. Walikuwa watu wa tabaka moja na walionyang'anywa, wameoana nao na kukopeshana nao, na hawakuona sababu ya kufanya haraka ili Bunge la London lipate fedha.

Mama Nasra

Shikamoo, Mzee Wakili. Nakubaliana nawe kuhusu madeni, lakini naomba tusiishie mahakamani, kwa sababu kodi hulipwa na wapangaji wanaolima. Hebu tazameni mashamba ya Erli wa Seaforth, kaskazini magharibi mwa Uskoti. Mwenyewe, William Mackenzie, alikuwa uhamishoni Ufaransa, na ardhi yake kwa sheria ilikuwa mali ya serikali. Hata hivyo wakala wake, Donald Murchison, aliendelea kwa miaka kadhaa kukusanya kodi kwa wapangaji na kumpelekea bwana wake. Mwaka 1721 mawakala wa serikali walipojaribu kuingia huko wakifuatana na askari, waliviziwa katika bonde la Glen Affric na kulazimika kurudi.

Watu wengi humsimulia Murchison kama shujaa wa uaminifu, nami siukatai uaminifu wake. Lakini namfikiria mkulima aliyempa shayiri na fedha zake, kisha akabaki na hofu kwamba siku serikali itakapofika kwa nguvu atadaiwa kodi ileile mara ya pili. Katika nyaraka za mauzo mkulima huyo anaonekana kama kiasi cha unga, idadi ya kuku na siku za kazi anazodaiwa kwa mwaka. Aliuzwa pamoja na shamba bila kuulizwa, na Seaforth aliposamehewa mwaka 1726 hakuulizwa tena.

Mdadisi wa Korogwe

Ahsanteni sana. Mama Nasra, umenionyesha upande ambao sikuutazama. Sasa naomba kufahamishwa: ikiwa matajiri wa huko walikuwa jamaa wa walionyang'anywa, nani alithubutu kununua?

Msomi wa Pwani

Mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya maji. Kampuni ya York Buildings ilianzishwa ili kupandisha maji ya mto Thames na kuyasambaza kwenye nyumba za London, lakini mwaka 1719 wakubwa wake walianza kuuza hisa za hadi pauni 1,200,000 kwa lengo la kununua ardhi za waasi. Ilichukua mashamba ya makabaila waasi Winton, Panmure, Southesk, Marischal na wengine, kwa zaidi ya pauni 300,000 kwa jumla. Majirani waliona aibu kupandisha dau juu ya nyumba ya mtu waliyemfahamu, ilhali kampuni ya London haikuwa na jirani wa kumwonea haya.

Ugumu ulianza baada ya mnada. Kampuni ilichimba makaa ya mawe na kuchemsha chumvi karibu na Tranent, na mwaka 1722 ikajenga njia ya reli za mbao kutoka migodini hadi bandari ya Cockenzie, jambo ambalo nalihesabu kuwa la maana kuliko yote iliyofanya huko. Lakini kuendesha mashamba ya mbali iliyaona mzigo, ikayakodisha kwa watu wengine, na madeni yakaizonga kwa miongo mingi. Mke wa Erli wa Panmure aliweza hata kuikodi nyumba ya familia kutoka kwa kampuni hiyohiyo. Mashamba yalipopigwa mnada tena mwaka 1764, Panmure, Southesk na sehemu ya Marischal zilirudi kwa watu wa familia zilezile, na waliohudhuria hawakushindana nao.

Wakili Mstaafu

Nyongeza fupi, kwa kuwa Msomi amefikia 1764. Baada ya uasi mwingine wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, mwaka 1745, serikali ilikuwa imekwisha kuona matatizo haya. Baadhi ya ardhi ziliuzwa kulipa wadai, lakini sheria ya mwaka 1752 iliyafunga mashamba 13, yakiwemo ya makabaila Lovat, Lochiel na Perth, yasiuzwe kamwe, na mapato yake yatumike kwa shule, barabara na kazi za kitani. Shamba la Lovat lilirudishwa mwaka 1774 kwa Simon Fraser, mwana wa Lovat, aliyekuwa ameunda kikosi cha kuipigania Uingereza, na mengine yakarudishwa kwa warithi mwaka 1784 kwa sharti la kulipa madeni yaliyokuwa juu yake. Sehemu ya fedha hizo, pauni 50,000, ilikopeshwa kwa ujenzi wa mfereji wa Forth na Clyde.